Muziki wa kudansi wa kielektroniki nchini Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wapenzi wa muziki wanaozungumza Kiswahili hapa Uganda huuliza tena na tena: kwenye foleni ya kuingia klabu, ndani ya taksi ya Jinja, hata harusini DJ anapobadilisha muziki ghafla na shangazi akauliza hiki sasa ni nini. Yanaanza na ya msingi, kisha yanakwenda kwenye mambo yanayowasumbua waliokwisha kuzama.

## Mambo ya msingi

EDM (electronic dance music) ni muziki wa aina gani?

Ni muziki uliotengenezwa kwa mashine ili watu wacheze. Sauti zake hutoka kwenye sintesaiza, mashine za ngoma na kompyuta, na wimbo hupangwa kwa namna itakayomwezesha DJ kuuingiza ndani ya wimbo mwingine bila mapigo kukatika. Ndiyo maana nyingi huanza na dakika nzima ya mdundo mtupu. Hapo ndipo DJ anapopata mlango wa kuingilia.

Herufi hizi tatu zilivuma Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2010, kampuni za muziki na waandaaji wa matamasha walipotaka jina moja la kuuzia kila kitu. Kwa hiyo utakuta watu wanaoita EDM zile nyimbo za viwanja vikubwa pekee: sauti inapanda, inapanda, kunakuwa kimya kidogo, halafu mdundo unaanguka kwa kishindo. Hapa chini neno limetumika kwa upana wake wote, kuanzia hausi ya Chicago hadi harusi za Gulu.

Ulianzia wapi?

Mizizi yake iko sehemu kadhaa. Ujerumani kulikuwa na Kraftwerk wa Düsseldorf, ambao mwaka 1974 walitoa "Autobahn", wimbo wa kielektroniki unaojaza upande mzima wa santuri. Mwaka 1977 Giorgio Moroder na mwimbaji Mmarekani Donna Summer walitoa "I Feel Love", ambamo karibu kila sauti isipokuwa ya mwimbaji ilitoka kwenye sintesaiza. Ukiusikiliza leo usiku kwenye spika nzuri hutaamini umri wake.

Mwaka huohuo wa 1977, DJ mmoja kijana aitwaye Frankie Knuckles alianza kupiga kwenye klabu iitwayo The Warehouse mjini Chicago. Waliojaa humo walikuwa hasa vijana weusi na Walatino. Knuckles alirefusha disko, akaikatakata, akaongezea mashine ya ngoma, na muziki ule ukabeba jina la klabu: hausi. Mwaka 1984 Jesse Saunders alitoa "On and On", unaotajwa sana kuwa santuri ya kwanza ya hausi. Karibu na wakati huo, jirani na Detroit, vijana watatu weusi waliosoma pamoja, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walikuwa wakitengeneza tekno.

Kilichowasaidia wote ni bei. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808 iliyotoka mwaka 1980 haikuwapendeza wanamuziki wengi kwa sababu haikusikika kama ngoma halisi. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 1983, zikaishia kuuzwa kwa bei ya chini kama mitumba. Vijana wasio na pesa ya kukodi bendi wakazinunua. Shikilia jambo hilo, maana Uganda ilipita njia hiyohiyo (soma swali la harusi za Gulu).

Kwa hiyo si muziki wa Wazungu?

Hapana. Hausi na tekno ni kazi ya Waamerika weusi. Ulaya iliupokea, ikaupenda sana na kuufanyia biashara kubwa, na ndiyo maana sura nyingi unazoziona kwenye mabango ni za Wasweden, Waholanzi na Wafaransa. Kijana wa Kawempe anayecheza hausi hajaazima nguo ya mtu.

Hausi, tekno, transi, dabstepi: nitazitofautishaje?

Anza na mwendo, yaani idadi ya mapigo kwa dakika. Amapiano hutembea polepole, kati ya 110 na 115. Hausi iko 120 hadi 130, na ngoma kubwa hupiga kila pigo bila kuruka: dum, dum, dum, dum. Tekno huanzia hapohapo na kupanda hadi 150, lakini ni kavu zaidi, maneno machache, sauti za viwandani. Transi ni 130 hadi 140 na imejaa sauti ndefu zinazopaa. Dabstepi ni 140 lakini sikio huihisi kama 70 kwa sababu ngoma zake zimeachana. Dramu na besi hukimbia 170 hadi 180.

Kisha kuna singeli ya Dar es Salaam, ambayo huanzia 200 na kufika 300. Kwa mara ya kwanza mtu hudhani kifaa kimeharibika.

Usijisumbue sana na majina. Wanaobishana kuhusu mpaka wa hausi na tekno mara nyingi ndio wamesimama ukutani na chupa mkononi.

Mbona unarudia kitu kilekile?

Hili huulizwa na wazazi, na linastahili jibu la heshima, kwa sababu wao wenyewe wamekulia ndani ya muziki unaorudia.

Chukua amadinda ya Buganda. Ina mbao 12. Mpigaji mmoja anakaa upande huu na wa pili anaketi ng'ambo, kila mmoja na mstari wake mfupi anaourudia, na noti za mmoja zinaingia katika nafasi zilizoachwa na mwenzake. Wa tatu anapiga mbao mbili za juu tu. Baada ya muda sikio linaanza kusikia wimbo mwingine, ambao hakuna hata mmoja kati yao anayeupiga. Umezaliwa na kurudia. Ukiondoka baada ya nusu dakika, hutausikia.

Busoga nako kuna embaire, marimba makubwa ya magogo. Kijiji cha Nakibembe kinasifika kwa embaire inayowekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, na shimo ndilo linalokuza sauti. Watu kadhaa huipiga kwa pamoja na besi yake huitikisa miguu yako kabla hujaamua kucheza. Kundi la Nakibembe lilitoa albamu mwaka 2023, na wapenzi wa tekno waliipokea bila kuhitaji maelezo.

Tekno hufanya kazi hiyohiyo. Mabadiliko yapo ila ni madogo: kengele inaingia, besi inatoka, vumbi la sauti linaongezeka. Kaa nayo dakika 10 ukiwa umesimama, si umeketi, ndipo uihukumu.

## Nyimbo

Mimi ni mgeni kabisa. Nianze na nyimbo zipi?

Anza na zile ambazo bila shaka umeshazisikia bila kujua jina. "Titanium" ya David Guetta na Sia (2011). "Don't You Worry Child" ya Swedish House Mafia (2012). "Lean On" ya Major Lazer, DJ Snake na MØ (2015), ambayo mdundo wake hauko mbali na tunavyopenda kuzungusha kiuno huku kwetu. "Faded" ya Alan Walker (2015), inayopendwa hata na wasiopenda kucheza. Ukitaka kusikia nguvu tupu, "Animals" ya Martin Garrix (2013).

Halafu Avicii, na hapa nitakaa kidogo. Jina lake halisi lilikuwa Tim Bergling, mzaliwa wa Stockholm. "Levels" (2011) imejengwa juu ya kipande cha sauti ya Etta James kilichorekodiwa miaka ya 1960, na ukisikia sauti hiyo ya kanisani ikipasua katikati ya sintesaiza unaelewa kwa nini ulimwengu mzima uliruka. Mwaka 2013 alipeleka "Wake Me Up" kwenye tamasha la Ultra mjini Miami akiwa na wapiga gitaa na banjo jukwaani. Wengi walishangaa, baadhi wakakasirika: nani huleta banjo kwenye karamu ya mashine? Miezi michache baadaye wimbo huo, ulioimbwa na Aloe Blacc, ulikuwa ukipigwa kila nchi. Aliacha ziara mwaka 2016 kwa sababu ya afya, akafariki Muscat, Oman, Aprili 2018, akiwa na miaka 28. Kwangu huyu ndiye mlango bora wa kuingilia, kwa sababu nyimbo zake zina tuni unayoweza kuiimba ukiwa unafua nguo.

Na za zamani ambazo lazima nizijue?

"I Feel Love" (1977), kama nilivyosema juu. "Acid Tracks" ya Phuture (1987), dakika zaidi ya 10 za mashine moja ikilialia. "Show Me Love" ya Robin S. "Around the World" (1997) na "One More Time" (2000) za Daft Punk. "Sandstorm" ya Darude (1999). Hizo zinatosha kukufanya usipotee kwenye mazungumzo.

Amapiano na afrohausi ni EDM?

Ndiyo, kwa maana pana ya neno. Zimetengenezwa kwa kompyuta, kwa ajili ya sakafu ya kuchezea, na mababu zao ni hausi ya Chicago iliyofika Afrika Kusini na kukaa. Amapiano ilikua katika vitongoji vya Gauteng katika miaka ya 2010, ikaongeza ile besi ya gogo inayodunda kama inazungumza. Durban ikatoa gqom, ambayo ni nyeusi zaidi, ngoma zimevunjika na nafasi ni nyingi.

Ukitaka afrohausi, anza na Black Coffee. Alipata ajali mwaka 1990 iliyomwachia mkono mmoja tu wa kufanyia kazi, na kwa mkono huo amepiga kwenye majukwaa makubwa kuliko yote. Albamu yake "Subconsciously" ilishinda Grammy ya muziki wa dansi na elektroniki mwaka 2022. Baada yake sikiliza "Osama" ya Zakes Bantwini na Kasango (2021). "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo (2019) huna haja ya kuitafuta, ilikutafuta yenyewe wakati wa korona.

Kuna za Kiswahili?

Zipo, na si chache. Singeli inayoimbwa ni ya Kiswahili. Tafuta mkusanyiko uitwao "Sounds of Sisso" (2017), kisha Bamba Pana, Jay Mitta na DJ Travella. Ni muziki wa Tanzania, lakini lebo iliyousambaza kimataifa, Nyege Nyege Tapes, iko Kampala.

Kwa hapa kwetu kuna MC Yallah, aliyezaliwa Kenya na kukulia Uganda. Hurapu kwa Kiganda, Kiluo, Kiingereza na Kiswahili, juu ya midundo mizito ya kielektroniki ambayo rapa wengi wangeikimbia. Albamu zake "Kubali" (2019) na "Yallah Beibe" (2023) ndizo za kuanzia. Zisikilize kwa sauti ya juu.

## Uganda yenyewe

Je, Uganda ina muziki wake wa kielektroniki, au tunaiga tu?

Inao, na ulianzia harusini.

Waacholi wana ngoma iitwayo larakaraka, ya vijana na ya harusi, inayochezwa huku vibuyu vikigongwa kwa vijiti vya chuma vya baiskeli. Kundi kamili lina wapigaji na waimbaji wengi. Katika miaka ya vita vya kaskazini watu walitawanyika na wengi waliishi kambini. Kuita kundi zima kuja harusini, kulisafirisha na kulilisha kulikuwa mzigo mkubwa. Mapema katika miaka ya 2000, mjini Gulu, mtayarishaji Leo Palayeng na mwimbaji Otim Alpha, aliyewahi kuwa bondia, waliihamishia larakaraka kwenye kompyuta. Mwendo uleule wa kasi, nyimbo zilezile za bwana na bibi harusi, lakini vibuyu sasa vikawa programu.

Hakuna aliyewaambia hiyo ni EDM. Walikuwa wanatatua tatizo la harusi, na wageni walicheza. Kwa zaidi ya miaka 10 muziki huo uliishi kaskazini tu. Mwaka 2017 ulitolewa kwa albamu "Gulu City Anthems", na Otim Alpha akaanza kualikwa Ulaya. Kwa hiyo mtu akikuambia Uganda ilijifunza muziki wa mashine kutoka kwenye matamasha ya Wazungu, mwambie aende akaulize Gulu.

Nje ya Gulu, nimsikilize nani?

Nihiloxica ni ndoa ya wapiga ngoma wa Kiganda wa kundi la Nilotika na wanamuziki wawili Waingereza, mmoja kwenye sintesaiza na mwingine kwenye dramu. Albamu yao "Kaloli" (2020) ina jina la yule ndege mkubwa wa majalalani anayetutazama kila siku Kampala, na ni nzito kama anavyoruka. Arsenal Mikebe wamekwenda upande wa pili: wanapiga kwa mikono chombo cha chuma kilichotengenezwa na mchongaji Henry Segamwenge kwa kuifikiria mashine ya TR-808, ile niliyoitaja mwanzo. Binadamu wakiiga mashine iliyoiga binadamu. Albamu yao inaitwa "Drum Machine" (2024).

Faizal Mostrixx ni mchezaji dansi aliyegeuka mtayarishaji, na "Mutations" (2023) inaonyesha kwamba anajua mwili unataka nini. Authentically Plastic alitoa "Raw Space" mwaka 2022, kazi ngumu isiyobembeleza. Kama ndiyo kwanza unaanza, iache kwa sasa. Ecko Bazz hurapu Kiganda juu ya kelele tamu katika "Mmaso" (2022). Rey Sapienz ni Mkongo aliyehamia Kampala, na ndugu zetu Wakongo wanaoishi hapa watasikia nyumbani kwao ndani ya kazi zake.

Kuna wanawake katika kazi hii?

Wapo, na baadhi ndio waliofungua njia. DJ Rachael alianza miaka ya 1990, wakati ambapo msichana nyuma ya meza ya DJ lilikuwa jambo la kushangaza Kampala, na baadaye akaanzisha Femme Electronic ili kuwafundisha wanawake wengine kupiga na kutayarisha muziki. Kampire anajulikana duniani kote kama DJ. Mkusanyiko wake "A Dancefloor in Ndola" (2024) ni wa nyimbo alizokulia nazo Zambia. Ongeza Catu Diosis na Hibotep, na MC Yallah niliyemtaja.

Kwa nini sisikii muziki huu redioni?

Redio nyingi zinataka wimbo wa dakika tatu au nne wenye kiitikio na jina la msanii linalouza matangazo. Wimbo wa dakika saba usio na maneno hauna pa kukaa kati ya habari na tangazo la sabuni. Vituo vingi huupenyeza usiku wa wikendi, kwenye miksi za maDJ, na hapo hutajiwi jina la wimbo. Tumia programu ya simu inayotambua nyimbo.

Kwa nini wasanii hawa wanajulikana Berlin kuliko Kampala?

Kwa sababu Berlin inawalipa. Ulaya ina klabu zinazofunguliwa kwa ajili ya muziki huu tu, ina majarida yanayouandika na watu wanaonunua santuri. Hapa mwenye baa anataka nyimbo ambazo wateja watazitambua katika sekunde tano, na simlaumu, ana kodi ya nyumba.

Lakini naliona ni hasara yetu. Msanii anayeondoka kila kiangazi kwenda kucheza mbele ya watu elfu kadhaa, akirudi nyumbani hapati hata kafunda la kupigia Jumatano usiku. Dawa yake iko mikononi mwetu: mwombe DJ wa mtaa wako apige Otim Alpha mmoja tu kati ya saa tano na saa sita. Nimeona watu wasiomjua kabisa wakiinuka.

## Kwenda kucheza

Nyege Nyege ni nini?

Ni tamasha la siku nne kando ya Mto Nile, upande wa Jinja, lililoanza mwaka 2015. Waanzilishi ni Arlen Dilsizian na Derek Debru, waliokuwa wakiandaa karamu za muziki wa kielektroniki Kampala. Jina, ambalo humfanya Mswahili ashtuke, kwa Kiganda ni ile hamu ya ghafla ya kucheza. Kutokana na watu haohao zilizaliwa lebo mbili, Nyege Nyege Tapes na Hakuna Kulala.

Hadi mwaka 2019 lilifanyika Njeru, kwenye ufuo wenye miti ng'ambo ya mto. Baada ya korona lilirudi mwaka 2022 kwenye maporomoko ya Itanda, na mwaka 2024 lilikuwa Kalagala. Kwa kuwa mahali hubadilika, na hata mwezi, usinunue tiketi ya basi kabla ya kuthibitisha tangazo la mwaka husika.

Beba tochi, viatu vya matope na koti la mvua. Muziki haulali, na wewe utalala kwenye hema lenye besi chini ya mgongo.

Si lilipigwa marufuku?

Lilitishiwa mara mbili. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, alitaka lisifanyike, lakini likafanyika. Septemba 2022 Bunge lilisema lisimamishwe kwa hofu ya maadili; muda mfupi baadaye serikali ikaruhusu kwa masharti. Hoja za wapinzani zilikuwa za mavazi, ngono na dawa za kulevya. Hoja za upande wa pili zilikuwa hoteli zilizojaa, waendesha boda na wauza rolex (chapati ya mayai) wa Jinja ambao wiki hiyo hupata pesa ya miezi. Nionavyo mimi, tamasha lenye mipango mizuri, polisi wanaojua kazi na sheria ya umri inayofuatwa ni salama kuliko karamu mia za kujificha.

Zaidi ya tamasha, nitausikia wapi?

Kampala ndiyo kitovu. Klabu za Industrial Area na baa za Kololo hupiga amapiano na afrohausi karibu kila wikendi. Kwa tekno na mambo ya majaribio, fuatilia kurasa za wasanii wenyewe, maana karamu hizo huhamahama na hutangazwa siku chache kabla. Jinja ina uhai wake pia. Arua, Mbarara na Busia utategemea DJ mmoja mwenye moyo. Mtafute, mwambie unachotaka.

Sijui kucheza. Nitaaibika?

Hapana. Muziki huu hauna hatua rasmi wala hauhitaji mwenzi. Anza na kichwa, kisha mabega, miguu itafuata. Watu wengi wamefumba macho.

Masikio yanaweza kuharibika?

Ndiyo, na hayarudi. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki bila hatari. Ikifika 90, ni saa nne tu kwa wiki. Klabu nyingi hupita hapo. Mwaka 2022 shirika hilo lilitoa kiwango kwa kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15.

Nunua vizibo vya masikio vya kuchezea muziki, usisimame mbele ya spika, na kila saa moja toka nje dakika kumi. Masikio yakilia hadi asubuhi, umevuka mpaka. Yakilia kwa zaidi ya siku moja au mbili, nenda hospitali.

Lazima nitumie kitu ndiyo nifurahie?

Hapana. Dawa za kulevya ni kosa la jinai Uganda, na kidonge usichojua kilikotengenezwa kinaweza kukuua kwenye joto la umati. Kunywa maji. Rafiki akizidiwa, mpeleke kwenye hema la huduma ya kwanza mara moja na useme ukweli kuhusu alichokunywa.

## Kutengeneza na kupiga

Nahitaji vifaa gani kuanza?

Kompyuta ndogo iliyotumika, vipokea sauti vya kichwani vyenye besi ya kweli, na programu moja. Watayarishaji wengi wa hapa huanza na FL Studio, ambayo ina toleo la majaribio. Unaweza kuhifadhi kazi lakini huwezi kuifungua tena hadi ununue. LMMS ni ya bure kabisa. Kama una simu tu, BandLab itakutosha kwa miezi ya mwanzo.

Jifunze programu moja hadi uweze kuitumia ukiwa umefumba macho. Vijana wengi wana programu tano na hawana wimbo hata mmoja uliokamilika.

DJ anafanya nini zaidi ya kubonyeza?

Anaoanisha mapigo ya nyimbo mbili, anachagua ni wapi moja iingie ndani ya nyingine (mara nyingi baada ya mapigo 32), anaondoa besi ya moja ili zisigombane, na wakati wote anaangalia miguu ya watu. Hilo la mwisho ndilo kazi yenyewe. Mashine siku hizi inaweza kuoanisha mapigo, lakini haiwezi kuona kwamba meza ya nyuma imeanza kuvaa makoti.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Weka programu ihifadhi yenyewe kila dakika tano, fanya kazi kwenye kompyuta yenye betri nzima, na usichomeke kifaa chochote moja kwa moja ukutani bila kidhibiti umeme, kwa sababu umeme unaporudi ndipo unapoua vifaa. Kwenye karamu, mixa na kompyuta ziwe kwenye UPS hata kama kuna jenereta.

Naweza kurekodi mzee wa kijiji akipiga lukeme (kinanda cha vidole) kisha nimweke kwenye wimbo wangu?

Unaweza, kwa ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na inamlinda pia mpigaji. "Ni wimbo wa jadi" si kinga: tuni inaweza kuwa ya ukoo mzima, lakini upigaji ule uliourekodi ni wa mzee yule.

Kabla ya kuwasha kinasa sauti, mweleze kwa lugha yake utafanya nini. Mlipe siku hiyohiyo. Andikeni makubaliano mafupi ya mgawo iwapo wimbo utaingiza pesa, na shahidi awe mtu wa familia yake. Jina lake liwe kwenye wimbo, si kwenye maelezo ya chini. Wimbo ukikamilika, rudi naye ausikilize. Usajili hufanywa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, na UPRS, chama cha haki za wanamuziki, hukusanya mirabaha ya nyimbo zinazopigwa hadharani.

Nawezaje kumlipa msanii nikiwa na pesa kidogo?

Kusikiliza kwenye YouTube, Boomplay au Spotify (iliyofika Uganda mwaka 2021) kunamsaidia kidogo sana kwa kila mara. Bandcamp, tovuti ya kununulia muziki, hukata takriban asilimia 15 tu ya mauzo ya kidijitali na inayobaki humfikia msanii au lebo, pungufu ya ada za malipo. Utahitaji kadi ya benki. Albamu ukishaipakua ni yako na haili tena bando, jambo la maana ukiishi mahali mtandao unapokuja na kuondoka.

Naoa mwezi ujao. Nikiweka muziki huu wazee watakasirika?

Inategemea saa. Kwenye kwanjula na wakati wa hotuba usiuguse kabisa. Chakula kinapoliwa, waachie wazee kadongo kamu yao. Baada ya keki, mwambie DJ aanze na "Jerusalema", ambayo mama zetu wanaijua hatua kwa hatua, kisha aingie afrohausi ya taratibu. Tekno iwe baada ya mabasi ya wageni wa mbali kuondoka.

Kama harusi iko Gulu au Kitgum, ratiba hiyo itupe. Omba Otim Alpha tangu maharusi wanapoingia, na usishangae bibi akikutangulia uwanjani.